Hodi ya Barabarani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mliolala? Na wewe baba hapo nyuma, usijifanye umesindikiza watoto tu. Hadithi hii inakuhusu kuliko wao. Paukwa!

Pakawa!

Eeh, hapo sawa. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na barabara moja. Moja tu. Ilianza Mtoni, chini, ikapanda mpaka Kilimani, juu. Wenye miguu walipita hapo hapo. Wenye baiskeli walipita hapo hapo. Na mwenye lori alipita hapo hapo.

Leo tunamfuata mwenye baiskeli. Jina lake Nguchiro. Mdogo, mwembamba, manyoya yamesimama, neno halimkai mdomoni. Nguchiro alikuwa mkunga. Wote waliozaliwa upande ule, mikono yake ndiyo iliyowapokea. Nyuma, kwenye keria, alifunga kikapu chake: wembe, uzi, mafuta ya nazi na vitambaa safi. Mbele, kwenye usukani, kengele. Kri-kri-kriii! Mama mwenye uchungu akiisikia kengele hiyo, alishusha pumzi. Na Nguchiro akikanyaga pedali aliimba hivi. Mwimbe na nyie, msinitazame tu:

Kri-kri, nakuja,
mgeni wetu usiogope,
mlango ni mwembamba,
pita, pita polepole.

Sasa mwenye lori. Mwenye lori alikuwa Kifaru, na nyumba yake ilikuwa Mtoni. Msidhani alikuwa mbaya. Hata! Kwenye mlango wa mtu, hakuna aliyemshinda adabu. Akifika, anavua kofia. Anasimama kando, asichungulie ndani. "Hodi!" Anangoja. "Hodi!" Anangoja. "Hodi!" Haingii mpaka asikie karibu, hata kama mlango uko wazi, hata kama wali unanukia. Wanyama walisema, "Kifaru kalelewa, kaleleka."

Lakini mpandishe Kifaru kwenye lori, mwanangu! Adabu aliiacha chini na vumbi. Ngrrrrr! Pooo! Vuuu! Macho yake yenyewe hayaoni mbali, na hayo kidogo aliyokuwa nayo hakuyatumia.

Siku ya kwanza alimpita Nguchiro karibu, kikapu kikayumba.

"Wee! Hunioni?" Nguchiro akapiga kelele.

"Barabara yangu, kichaka chako!" Kifaru akajibu, ngrrrrr, huyo akaenda zake.

Siku ya pili alimpita karibu zaidi, upepo wa lori ukamvua Nguchiro kilemba.

"Wee! Hunioni?"

"Barabara yangu, kichaka chako!" Vuuu! Huyo.

Jioni ya siku hiyo Nguchiro alikwenda nyumbani kwa Kifaru. Hakwenda kugombana. Alikwenda kumpima Bi Kifaru tumbo. Bi Kifaru alikuwa na mimba ya miezi kumi na mitano. Nani anacheka? Vifaru ndivyo wanavyobeba, muwaombee tu. Na mimba hiyo ilikuwa ya pili. Mtoto wa kwanza alitanguliza miguu, mkunga akachelewa kufika, na mtoto hakulia. Walimzika. Tangu hapo Kifaru aliingoja siku hii kwa roho yake yote.

Kifaru alimpokea mkunga kwa heshima, akampangusia kigoda, akamletea uji. Nguchiro akapapasa tumbo, akapapasa tena. Akatikisa kichwa.

"Huyu naye kakaa vibaya," akasema. "Uchungu ukianza, nitafuteni saa hiyo hiyo. Msiseme ngoja kidogo."

"Nitakuja mwenyewe, Bi Mkunga," Kifaru akasema. "Nitakuja na lori."

"Hilo lori lako ndilo nilitaka kukuambia, kaka. Leo ulitaka kuniua."

Kifaru akashangaa kwelikweli. "Mimi? Wewe? Haiwezekani! Leo barabarani sikuona mtu. Niliona kibaiskeli tu."

Mmesikia? Hakuona mtu. Aliona kibaiskeli. Uji ukamshinda Nguchiro.

Siku ya tatu, asubuhi, jua limeshapanda, Nguchiro alikuwa anatoka kwa Pongo, katikati ya njia. Pongo alikuwa kajifungua pacha. Nguchiro alikuwa amechoka na amefurahi. Alikuwa anapanda kurudi kwake Kilimani, ukingoni kabisa mwa barabara, akiimba wimbo wake.

Nyuma yake, ngrrrrr.

Akapiga kengele. Kri-kri-kriii!

Ngrrrrr!

"Atapisha," akajisemea. "Barabara ni pana, atapisha."

Hakupisha. Ubavu wa lori ukagusa usukani. Vuuu! Puu! Baiskeli juu, Nguchiro chini, wote wawili mtaroni. Lori halikusimama. Vumbi tu.

Nguchiro akainuka, akaanguka. Mguu wa nyuma ulikuwa umeteguka. Gurudumu la mbele limepinda kama ndizi. Mafuta yamemwagika, vitambaa vimelowa tope. Akakaa kwenye maji machafu akalia. Alilia kwa hasira, kwa sababu alikuwa amesema, na akasema tena, na hakusikiwa.

Akiwa hapo, akamwona Kobe anashuka kutoka Kilimani. Kobe alikuwa muuza mikate. Kobe wa miguu mnamjua. Lakini Kobe wa baiskeli, tena kwenye mteremko, hammjui! Zizizizizi! Akafunga breki.

"Dada Nguchiro! Huko mtaroni unatafuta nini? Kifaru yuko barazani kwako, anakutafuta kama kichaa! Mkewe kashikwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto katanguliza mguu!"

Nguchiro akafuta machozi. Kisha akauliza polepole, "Kifaru yuko wapi, umesema?"

"Barazani kwako. Kavua kofia. Anabisha hodi, anangoja. Anabisha hodi, anangoja. Nimemwambia mlango uko wazi, achungulie ndani. Kakataa. Kasema hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa."

Nguchiro akacheka, kicheko kibaya. "Aliyenitupa mtaroni ananisubiri mlangoni!"

Kobe akaliangalia gurudumu, akauangalia mguu, akaelewa. "Basi twende nikurudishe kwako ukalale," akasema. "Akuone umefunga mguu. Akusikie ukikataa. Nani atakulaumu?"

Na kweli, nani angemlaumu? Nguchiro mwenyewe alitaka kukataa. Lilikuwa jambo tamu kulifikiria. Amwache Kifaru na shida yake, ajue nani mwenye barabara. Lakini akamkumbuka yule mtoto wa kwanza. Alimshika yeye mwenyewe, mzito, wa baridi. Alimpigapiga mgongo na hakulia.

"Mtoto hajaendesha lori," akasema. "Twende Mtoni."

Baiskeli yake akaiacha. Kengele hakuiacha. Akaifungua kwenye usukani, akaishika mkononi. Wembe akaufuta, akautia kikapuni. Akapanda kwenye keria ya Kobe, juu ya mikate, zizizizizi, wakashuka.

Hawajafika mbali, nyuma yao, ngrrrrrrrr!

Kifaru alikuwa amechoka kungoja. Alikuwa anarudi kwa mkewe mikono mitupu, machozi yamemjaa, na macho yenyewe ndiyo yale. Lori linashuka mteremko mzima mzima.

"Mungu wangu!" Kobe akalia. "Tuingie mtaroni!"

"Mtaro nimeshaujua," Nguchiro akasema. "Siurudii. Wewe shika usukani, usiyumbe."

Akageuka juu ya mikate, akalitazama lori uso kwa uso, akainua kengele juu.

Kri-kri-kriii! Kri-kri-kriii!

Siku zote Kifaru alikuwa akipigiwa kengele hiyo, na hakuwahi kuisikia. Lakini muda wote aliosimama pale barazani, masikio yake yalikuwa yakiitafuta hiyo hiyo. Mguu wake ukaruka kwenye breki wenyewe. Kwiiiiiii! Vumbi likafunika kila kitu. Lilipotulia, lori lilikuwa limesimama, na baina yake na tairi la Kobe palikuwa na hatua mbili.

Kifaru akashuka mbio. "Bi Mkunga! Ulikuwa wapi? Nimebisha hodi kwako mpaka sauti imekauka!"

Nguchiro akashuka kwa mguu mmoja, tope limemganda mpaka masikioni.

"Nilikuwa mtaroni, kaka. Uliponitupa. Mlangoni kwangu umebisha hodi mara tatu. Mgongoni kwangu hukubisha hata moja."

Kifaru akautazama mguu. Akalitazama tope. Akatazama ubavu wa lori lake, akaona mkwaruzo wa usukani. Akaketi barabarani, mwili wote ule.

"Kile kibaiskeli," akasema. "Kile kibaiskeli kilikuwa wewe."

"Kila kibaiskeli kina mwenyewe. Simama! Utalia baadaye. Tupakie."

Wakapakiwa, na Kobe, na baiskeli yake, na mikate yake. Kifaru akakanyaga mafuta, ngrrrr.

"Taratibu!" Nguchiro akasema. "Unamwona Kanga mbele, na kuni zake kwenye baiskeli? Bisha hodi."

"Bi Mkunga, tutachelewa!"

"Tungekuwa tumeshafika, kama asubuhi ungebisha hodi. Bisha!"

Kifaru akatoa kichwa dirishani. "Hodi!"

Kanga nusura aanguke kwa mshangao. Akageuka, akasogea pembeni. "Ka... karibu! Pita!"

Kifaru akapita mbali naye, nafasi ya ng'ombe wawili. Mbele kidogo, Ngedere na madumu yake ya maji. "Hodi!" "Karibu, pita!" Na safari ile, nawaambieni, haikuchelewa hata kidogo. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyegombana, hakuna aliyeziba njia.

Wakafika. Nguchiro akaingia ndani kwa mguu mmoja. Kifaru akabaki nje, kofia mkononi. Ndani kukawa na kilio, kisha wimbo. Mwimbe, mwimbe naye:

Kri-kri, nimekuja,
mgeni wetu usiogope,
mlango ni mwembamba,
pita, pita polepole.

Kisha kimya. Kimya kile kile cha mara ya kwanza, Kifaru alikijua. Nguchiro anapigapiga mgongo. Pa, pa, pa. Kimya. Pa, pa, pa.

"Mwiiiiii!"

Kalia! Kifaru akaangua kilio kuliko mtoto. Akasimama kando ya mlango wake mwenyewe, nyumba yake mwenyewe, akasema kwa sauti ndogo, "Hodi."

"Karibu," Nguchiro akajibu. "Ni wa kike."

Kifaru akamshika binti yake, hapo hapo akauliza, "Bi Mkunga, nikupe nini?"

"Nipe nafasi yangu barabarani. Mimi, na Kobe, na Kanga, na kila kibaiskeli."

Akampa. Siku ile ile alilinyoosha gurudumu kwa mikono yake, akaipeleka baiskeli mpaka Kilimani. Mtoto wakamwita Hodi. Na kuanzia siku ile ikawa desturi ya barabara ile. Anayetoka nyuma anabisha hodi, anangoja, anapita mbali. Wenye malori wageni walicheka. Waliopita mara mbili wakaacha kucheka.

Miaka ikapita. Asubuhi moja kibaiskeli kidogo kikatoka Mtoni, kinayumba huku, kinayumba kule. Juu yake yuko Hodi, anajifunza. Nyuma yake lori linakuja. Ngrr. Taratibu. Likasimama kabisa.

"Hodi," Kifaru akasema kutoka dirishani.

"Ngoja kwanza, baba!" mtoto akajibu. "Sijaweza kunyooka!"

Na Kifaru akazima injini, akangoja.

Basi ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo, na wewe baba hapo nyuma: barabara ni nyumba ya watu wengi. Unayempita bila kumjali ni mtoto wa mtu, na huenda ndiye unayemtafuta. Mwenye nguvu ndiye wa kungoja.

Hadithi yangu imeegesha hapo. Anayetaka kunipita, abishe hodi.