Karamu ya Nyuma ya Pazia

Pazia likifungika, hesabu ni ya mwenyewe,
Na shibe ya kutajika hailishi hata mwewe.

Hapo zamani, wakati ambapo ahadi ya mkubwa ilikuwa ingali ikipokelewa kwa mikono miwili, palikuwa na mji uitwao Vumbini, na jina hilo halikuwa la kuusingizia, kwani haukuwa na mto wala chemchemi. Maji yake yote yalikuwa ya mvua, nayo yalihifadhiwa katika birika moja kubwa la mawe, lenye mlango wa mti mgumu na ufunguo mmoja. Basi ikawa mwenye kuushika ufunguo ule ndiye mwenye kuyashika makoo ya watu: akitaka wanywe, hunywa, asipotaka, humeza mate.

Kwa sababu hiyo wazee wa kale walikuwa wameweka ada. Kila mwaka, masika yakiisha, wenye nyumba wote walikusanyika katika ukumbi wa Sultani Hilali ili wamchague mshika ufunguo kwa kura. Kura zenyewe zilikuwa kokwa: ampendaye huyu hutia mtungini kokwa ya tende, na ampendaye yule hutia kokwa ya ukwaju. Mpaka hapo ada ilikuwa njema. Lakini Waziri Haidari, mtu mwenye ndevu zilizochanwa na ulimi uliopakwa samli, alikuwa ameiongezea mambo mawili aliyoyaita mapambo. Kwanza, kila mchaguzi sharti aiinue kokwa yake juu, mbele ya Waziri na askari wake, kabla ya kuitia. Kisha, mtungi ukishajaa, ulichukuliwa nyuma ya pazia jekundu la hariri, na huko Waziri alihesabu peke yake. Akimaliza hutoka, hujifuta jasho kama mtu aliyetoka kulima, akanena, "Ameshinda Sururu."

Na huyo Sururu alikuwa shemeji yake, ndugu wa mkewe.

Hivyo maji yakawa yakienda kwanza katika bustani ya Waziri, kisha kwa rafiki zake, kisha kwa farasi wa rafiki zake. Na watu wa Mtaa wa Chini walipokea tope, wakaambiwa washukuru, kwa kuwa tope nalo lina maji. Wakinung'unika, walionyeshwa kanuni iliyochongwa juu ya mlango wa ukumbi: Litangazwalo kutoka nyuma ya pazia ndilo lililokuwa.

Ikawa mwaka mmoja, mjane wa Mtaa wa Chini aitwaye Bi Jokha, ambaye wajukuu wake walikuwa hawaishi kuumwa matumbo kwa tope lile, akasimama kushindana na Sururu. Siku ya kura mtaa mzima ukaja. Wakainua kokwa za ukwaju mmoja baada ya mmoja, wengine wakikwepa macho ya askari, lakini wakainua. Waziri akaingia nyuma ya pazia, akakaa kitambo, akatoka akijifuta jasho.

"Ameshinda Sururu," akanena. "Ama Bi Jokha, hakupata hata kokwa moja."

Bi Jokha akauliza, "Hata yangu mwenyewe, Waziri?"

"Yawezekana, bibi," Waziri akamjibu kwa upole mkubwa, "ulijisahau."

Hapo kikasikika kicheko kirefu, cha mtu asiye na meno ya kukizuia. Alikuwa Faki Mapengo, fukara wa Mtaa wa Chini, ambaye mali yake yote ilikuwa chungu kimoja, mkeka mmoja, na mke aitwaye Mize aliyemvumilia. Watu wengine walimwita mpumbavu, naye hakuwakatalia, kwa maana mpumbavu hatozwi kodi ya maneno.

Sultani Hilali akakunja uso. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu aliyezoea kuambiwa kwamba anapendwa, na mazoea hayo huharibu masikio. "Ewe Faki," akasema, "unacheka nini mbele yangu?"

"Maulana, naicheka kokwa yangu," akajibu Faki. "Niliitia mtungini ikiwa ya ukwaju, ikatoka ikiwa ya tende. Ningejua kwamba pazia lako huzaa tende, ningalilipanda nyuma ya nyumba yangu."

Watu wakaficha vicheko katika viganja. Waziri akawaka. "Maulana, huyu halitukani pazia, anakutukana wewe! Kanuni ni ya babu yako. Mwenye kulishuku pazia ameushuku ufalme."

Sultani akaumia moyo, akasema, "Faki, mimi nimewafanyia nyinyi uadilifu maisha yangu yote, na malipo yangu ni shaka. Wajua adabu ya mwenye shaka? Ijumaa hii, baada ya sala, utanikaribisha nyumbani kwako, mimi na baraza yangu yote. Utatulisha biriani ya mbuzi, utulishe mpaka tushibe. Tusiposhiba, utatoka Vumbini wewe na mkeo kabla jua halijatua, na msirudi."

Bi Jokha akashika mdomo, kwani alijua kwamba katika nyumba ya Faki hata panya walikuwa wamehamia kwa jirani. Lakini Faki akainama, akauliza, "Maulana, ile kanuni iliyo juu ya mlango, ni ya kokwa tu, ama ni ya kila jambo?"

"Ni ya kila jambo," akanena Sultani.

"Na ni ya kila mtu?"

"Ya kila mtu. Hata mimi imenifunga."

"Basi naomba niazimwe kitu kimoja tu kwa ajili ya karamu. Naomba pazia."

Sultani akastaajabu, akaona si haja kubwa, akampa. Faki akalikunja, akaliweka kichwani, akaenda zake.

Alipofika nyumbani, Mize alimtazama yeye, akalitazama na lile pazia, akasema, "Mume wangu, nimesikia tunafukuzwa mjini. Mchele u wapi?"

"Hatuna."

"Mbuzi?"

"Naye hatuna."

"Basi umeleta nini?"

"Nimeleta kanuni, mke wangu. Wewe tafuta mwiko tu."

Siku ya Ijumaa ikawadia. Sultani akaja na baraza yake, nao walikuwa hawajaonja kitu tangu alfajiri, kwani ni mila ya wakubwa kwenda karamuni na matumbo yaliyofagiwa. Wakakuta ua umefagiwa, mkeka umetandikwa pamoja na mingine ya majirani, na pazia jekundu limetundikwa mbele ya mlango wa jiko. Nyuma yake mwiko ulikuwa ukigonga chungu, ko-ko-ko, kwa bidii iliyopendeza.

"Karibuni, Maulana, karibuni," akasema Faki. "Maji ya kunawa ningewaletea, lakini ufunguo anao Sururu. Naweni tope, lina maji."

Sururu akatazama kando. Wakaketi, wakangoja. Faki akaingia nyuma ya pazia, akakaa kitambo, akatoka akijifuta jasho. Akasimama wima, akatangaza:

"Sultani Hilali amekula biriani. Amesifu mchele, ameshiba, amemshukuru Mungu."

Wakubwa wakatazamana. Faki akaingia tena, akatoka. "Waziri Haidari amekula, akaomba aongezewe, akaongezewa." Akaingia mara nyingine, na safari hii alipotoka alikuwa anahema. "Sururu amepita kiasi. Amelegeza mshipi. Tumemsihi aache, hakusikia."

Tumbo la Sultani likanguruma, likasikika mpaka mwisho wa mkeka.

"Faki," akasema Sultani, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "mimi sijala kitu."

Faki akamwinamia kwa upole mkubwa. "Yawezekana, Maulana, umejisahau."

Bi Jokha, aliyekuwa amesimama penye ua na majirani, akaziba macho. Sultani akainuka, akaenda mwenyewe, akalivuta pazia. Akamkuta Mize ameketi juu ya kigoda, mwiko mkononi, anagonga chungu kitupu.

"Assalamu alaikum, Maulana," akasema Mize. "Usinichafulie hesabu, sijafika kwa kadhi."

Waziri akaruka. "Uhaini, Maulana! Uhaini wa wazi! Mtu huyu na akatwe ulimi!"

Lakini Sultani hakumtazama Faki. Akamtazama Waziri, akamtazama sana, kama mtu anayesoma maandishi aliyoyapita kila siku bila kuyasoma. Kisha akauliza, "Haidari, wewe umeshiba?"

Waziri aseme nini? Akisema hajashiba, pazia limesema uwongo. Na pazia likisema uwongo mara moja, nani ataziamini kokwa zake zote za miaka iliyopita? Akameza mate, tumbo lake likalia, akasema, "Nimeshiba, Maulana."

"Umeshiba barabara?"

"Barabara, Maulana. Biriani ilikuwa nzuri."

"Alhamdulillahi," akanena Sultani. "Basi asipewe Waziri wangu chakula nyumbani kwake wala kwangu, asije akavimbiwa, mpaka hapo pazia litakapotangaza kwamba ameona njaa." Na alipokwisha kusema hayo akaanza kucheka, akacheka mpaka kilemba kikamlegea, lakini waliokuwa karibu naye waliona kwamba macho yake hayakuwa yakicheka.

Alipotulia akasema, "Faki, umenilisha nisichokitaka, nami nimeshiba. Omba zawadi. Na pazia hili, leo nalichoma moto."

"Usilichome, Maulana," akajibu Faki. "Pazia halina kosa, ni hariri njema, limetundikwa pasipo mahali pake. Mwenye kuchagua ndiye mwenye hofu, kwa kuwa ana jirani, ana bwana, ana mdai wake. Huyo ndiye wa kufichwa. Ama mwenye kuhesabu, yeye anaogopa nini? Mwache juani. Zawadi yangu ni hiyo: mwondoe Waziri nyuma ya pazia, utuweke sisi."

Sultani akaamuru kura irudiwe, si ukumbini, bali katika uwanja wa birika, watu wote wakitazama.

Basi wakaja. Kila mwenye nyumba akapewa kokwa mbili, ya tende na ya ukwaju, akaingia nyuma ya pazia peke yake. Moja akaiacha huko katika kapu, nyingine akatoka nayo ndani ya ngumi, akaitia mtungini ngumi ikiwa imefungwa. Askari walitazama ngumi, na ngumi zote zilifanana. Walioingia wakiwa wameinamisha vichwa wakatoka wameviinua, hata wale ambao hakuna aliyejua wamechagua nini. Na huenda hao zaidi ya wengine.

Kisha mtungi ukamiminwa mkekani, mchana mweupe. Hesabu ikafanywa kwa namna ya wazee wa kale, ambayo haihitaji msomi: Bi Jokha akasimama upande huu wa mkeka na Sururu upande ule, kokwa zikaondolewa mbili mbili, ya tende na ya ukwaju pamoja, na ikawa yule ambaye kokwa zake zitakwisha kwanza ndiye atakayeketi, ameshindwa.

Zikaondolewa, zikaondolewa. Watu wa Mtaa wa Chini, waliokuja wakicheka, wakaacha kucheka, kwa maana tende zilikuwa nyingi kuliko walivyodhani. Kumbe Sururu naye alikuwa na watu wake wa kweli, waliompenda kwa sababu zao.

Mize akamnong'oneza mumewe, "Tukishindwa je, baada ya fedheha yote hii?"

Faki alikuwa akitokwa na jasho, na safari hii halikuwa la mchezo. "Tukishindwa," akasema, "tutakuwa tumeshindwa na majirani. Hao nitawasalimu kesho asubuhi. Kile kitambaa sikuweza kukisalimu."

Hata Sururu mwenyewe akawa anainama kutazama mkeka, naye, kwa mara ya kwanza tangu awe mshika ufunguo, hakujua kitakachotokea. Waziri Haidari hakuwapo. Alikuwa nyumbani, bado ameshiba.

Ikaondolewa jozi, ikaondolewa nyingine. Mkono wa mhesabu ukaitafuta kokwa ya tende, ukapapasa mkeka wote, ukarudi mtupu. Penye mkeka palikuwa pamesalia kokwa chache za ukwaju, na kila jicho la Vumbini lilikuwa likiziona.

Sururu akazitazama. Akaufungua ufunguo kutoka mshipini, akauweka juu ya mkeka, akaketi.

Aliyebaki amesimama ni Bi Jokha.