Dakika Arobaini Angani

Kati ya viwanja viwili vya ndege vya mikoani palisimama mlima mkubwa. Ndege ndogo iliuvuka kwa dakika arobaini. Barabara iliuzunguka mchana kutwa. Ndiyo maana seremala, mtu aliyeogopa hata ngazi yake mwenyewe, asubuhi hiyo alikuwa amefungwa mkanda nyuma ya rubani, jasho likimtiririka.

Ng'ambo ya mlima, dada yake aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki alilazwa hospitalini, mafigo yote mawili yamefeli. Vipimo vilikwisha kuonyesha kuwa figo la seremala lingemfaa. Alitakiwa kulazwa kabla ya jioni, apasuliwe kesho yake; akikosa, nafasi ya upasuaji ingekwenda kwa mgonjwa mwingine, na dada alikuwa akinyauka kama mchicha juani.

Walipokaribia, ukungu ulikuwa umeufunika uwanja gubigubi. Rubani, mwanamke wa maneno machache, akashusha ndege kidogo, akaipandisha tena.

"Jamani, sioni njia. Tunarudi tulikotoka."

"Tunarudi?" seremala alimaka. "Tumeshafika! Wewe shuka tu, dada yangu ananisubiri!"

"Najua, kaka yangu. Lakini anakusubiri wewe, si habari zako."

Waliporejea, simu ya seremala ikalia.

"Umefika, mdogo wangu?"

"Nimefika, dada. Nilikotoka."

Dada akacheka, kicheko chembamba. "Basi tulia. Na usimgombeze huyo rubani, nakujua."

"Nimeshamgombeza."

"Kamwombe radhi."

Akanunua chai vikombe viwili, akamfuata rubani aliyekuwa akitazama mbingu. "Nisamehe, dada. Hofu ilinipanda kichwani."

"Hata mimi iliniingia," rubani alijibu, akapokea kikombe. "Ndiyo iliyonirudisha."

Mchana jua likauvunja ukungu, wakaruka tena. Safari hii kila kitu kilionekana: uwanja, na ubavuni mwake bega la mlima lenye mnara wa simu, palepale walipokuwa wakipapasa asubuhi. Ndege ilipotua, seremala aliushika mkono wa rubani kwa mikono yake miwili.

Alifika wodini jua lingali juu, muuguzi akimtandikia kitanda. Kesho yake wakapasuliwa wote wawili, na figo likakubali makazi mapya.

Dada alipopata nguvu ya kukaa, alimshika mdogo wake shavuni. "Umenipa uhai, mdogo wangu. Asante."

"Tumshukuru rubani, dada," alisema seremala, machozi yakimlengalenga. "Ningeushika usukani mimi siku ile, leo wasingenizika mimi peke yangu, bali na wewe."

Vidole vyao vikashikana, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake. Hakika wahenga hawakukosea: kawia ufike.