Bi Nungu Anunua Shimo Ng'ambo

Paukwa!
— Pakawa.
Palikuwa na mto.
— Ukagawa nchi mbili.
Na anayetaka kuvuka?
— Aulize kwanza.

Basi, Bi Nungu hakuuliza.

Alikuwa nungunungu mjane, mwenye watoto wadogo na miba ya kutosha. Kila kiangazi moto wa nyika uliwatoa shimoni, wakakohoa, wakakimbia, wakarudi kwenye majivu. Akachoka. Akaamua kununua shimo ng'ambo ya mto, nchi ambako moto haufiki. Akakusanya viazi vikuu vyote vya akiba, akavitia kapuni. Vikipotea vile, hakuna nyumba na hakuna kula.

Sasa, kununua ardhi katika nchi ya watu kunataka dalali. Ukingoni walikuwapo wawili.

Wa kwanza ni Nguchiro, mdogo, mwembamba, vumbi mpaka puani.

"Shangazi," akasema, "nina shimo kilimani. Njia yake ina mawe. Na kwetu ng'ambo, mnunuzi hatoi kitu kabla hajawaita majirani, akanywa nao maji, akawauliza habari za mahali. Dalali anayewakwepa majirani, mkwepe na wewe."

Bi Nungu akamtazama juu mpaka chini. Dalali gani huyu anayeanza na mawe?

Wa pili ni Kiboko. Huyo alikuwa na kifua, na sauti, na tabasamu pana. Lakini kwa mdomo ule, hata miayo ingeonekana ukarimu.

"Mto ni wangu, kivuko ni mimi, dalali ni mimi," akanguruma. "Panda, mama, panda."

"Na majirani?"

"Majirani wambea. Utawazoea ukishahamia. Panda, mama, panda."

Akapanda na kapu lake. Watoto aliwaacha kwa dada yake. Nguchiro naye, tuu, akarukia karibu na mkia.

"Wewe kakuita nani?"

"Abiria tu, bwana mkubwa. Narudi kwetu."

Chubwi, chubwi, chubwi, wakavuka.

Kiwanja kilikuwa karibu na maji: udongo mweusi, laini, majani mabichi, na shimo limekwisha chimbwa. Bi Nungu alikanyaga udongo ule akaona raha mpaka magotini.

"Masika maji hayafiki hapa?"

Kiboko akacheka, hoh, hoh, hoh. "Mama, hapa hata umande huomba ruhusa."

Bi Nungu akacheka pia. Akatua kapu miguuni pa Kiboko, liwe arubuni ya kushikia kiwanja.

"Ingia sasa, upime vyumba," Kiboko akamwambia. Mwenyewe asingeweza kuingia. Hata pua yake isingepita mlangoni.

Akaingia, chakacha, chakacha, miba ikikwaruza kuta. Ndani palikuwa na ubaridi mzuri. Juu kabisa, darini, aliona konokono wa majini wamekaukia. Ajabu, akawaza, konokono wa huku wanapanda kweli.

Ndipo aliposikia sauti ya Nguchiro huko nje.

"Bwana mkubwa, samahani. Nina mteja, Bata wa kaskazini, yeye na ukoo wake mzima. Anataka mahali ambapo akifungua mlango anaogelea. Atatoa shamba zima la matikiti. Lakini hapa nasikia ni pakavu, basi nitamtafutia kwingine."

Kiboko akasogea, udongo ukatikisika.

"Nani kasema ni pakavu?"

"Si wewe, sasa hivi? Umande huomba ruhusa."

"Hayo maneno ya biashara. Hapa masika maji huingia mlango wa mbele yakatokea wa nyuma. Masika yaliyopita yalimchukua Fuko na wajukuu zake, hatujawaona mpaka leo."

"Lakini Bata anapenda kina, bwana mkubwa."

"Kina? Mimi mwenyewe huja kupiga mbizi hapa."

Shimoni, miba yote ya Bi Nungu ikasimama. Akawatazama tena wale konokono. Akawaona wanawe wamelala chini yao. Alitaka atoke amchome mtu, lakini kapu lilikuwa miguuni pa Kiboko, na mto wa kurudia ulikuwa wa Kiboko. Akameza hasira.

"Tatizo ni moja," Nguchiro akaendelea. "Bata hagusi kiwanja chenye arubuni ya mtu. Akiona kapu la mwingine, anaruka zake."

"Kapu gani?" Kiboko alikuwa ameshalisukuma kwa pua hadi mlangoni. "Bi Nungu, toka, mama. Chukua viazi vyako. Nimefikiri, hapa hapakufai. Wewe mjane, una watoto. Mimi nina moyo bwana, siyo jiwe."

Bi Nungu akatoka, akakumbatia kapu lake. "Mungu akulipe kadiri ya moyo wako," akasema, na kila neno alilipima.

Wakapanda kilimani, yeye na Nguchiro. Mawe yalikuwepo, kama alivyoambiwa. Majirani wakaitwa, maji yakanywewa.

"Siafu hupita," akasema Kanga. "Na huyu Muhanga hukoroma."

"Hukoroma, ni kweli," akasema Muhanga.

"Na maji?"

"Maji utayafuata mtoni kwa miguu yako. Yenyewe hayajawahi kuja."

Akatoa viazi, akanunua, akaenda kuwaleta watoto.

Masika yakaja. Bi Nungu akasimama mlangoni, akatazama bondeni. Kiwanja cha udongo laini hakikuonekana. Maji ya kahawia yalipita juu yake, fuuu. Nyuma yake watoto walilala bila kukohoa. Jirani, Muhanga alikoroma, grrr-pfuu, grrr-pfuu, na Bi Nungu, ambaye maisha yake yote hakuvumilia mkoromaji, akamshukuru Mungu kwa kila mkoromo, maana aliyezama hakoromi.

Asubuhi akampelekea Nguchiro kiazi kikubwa kuliko vyote alivyobakiza.

"Nilikudharau, mwanangu, kwa ajili ya vumbi. Nisamehe, na ahsante."

"Hata mimi nisingejichagua, shangazi," akasema Nguchiro, ameshaanza kutafuna.

"Na huyo Bata, yupo kweli?"

"Bata wako wengi duniani."

Kiboko naye anamngoja. Ndiyo maana mchana kutwa yuko majini, macho na masikio tu nje, ametazama kaskazini. Ukipita na bata, pita upesi.

Ngano yangu imevuka mto bila kulowa. Mwenye kuipokea aipokee, mwenye usingizi ajifunike. Na funzo lake, watoto, ni hili: kusikiliza maneno ya wakubwa kupitia tundu ni utovu wa adabu, na hakujamletea mtu faida hata siku moja.