Zamu ya Damu

Sogeeni niwaambie, maana jambo hili huninyima raha kila nikilikumbuka. Zamani huko milima ya Upare, moyo wa binadamu haukujua kiu. Damu aliunywesha usiku na mchana bila kituo. Mnaona ilikuwa neema? Damu akikwama kidogo tu, mtu alianguka akafa papo hapo. Ndivyo walivyokwisha kaka wawili wa mkulima mmoja aitwaye Mbonea, wakipandisha mlima na mikungu ya ndizi.

Mkewe Mbonea aliitwa Nakijwa, naye alikuwa mlinzi wa ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Kila shamba lilipata maji kwa zamu. Lakini yeye, kwa kuwa lango lilikuwa mkononi mwake, aliliachia shamba lake maji siku zote. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ukuta wa ndiva ulipobomoka, mahindi yake yalinyauka kwa siku tatu. Ya jirani, yaliyozoea kukosa na kupata, yalisimama mpaka ukuta ukajengwa.

Nakijwa aliyatazama mahindi, akamtazama mumewe, akaingiwa na hofu: moyo wake nao haukuwahi kuzoea kukosa. Siku hizo Damu alisikia akiitwa, basi akamwita.

"Damu, mfungie mume wangu lango la moyo. Kidogo tu, kisha ufungue. Ufunge tena, ufungue."

"Mama, nikifunga atakufa kama kaka zake."

"Basi usikawie kufungua!"

Damu akafunga. Mbonea akashika kifua, jasho likamtoka. "Mke wangu, unaniua!" Nakijwa alilia, lakini hakumwambia Damu aache. Lango lilifungwa mara tatu, likafunguliwa mara tatu.

Kesho yake Mbonea akapandisha mlima na ndizi zake, mkewe nyuma yake. Pale pale walipoanguka kaka zake, Damu akakwama kweli. Mbonea akaanguka. Nakijwa akahesabu pumzi zake mwenyewe mpaka akapotewa na hesabu. Damu alipopenya hatimaye, aliukuta moyo bado unamngoja. Mbonea akafumbua macho, akauliza ndizi zake ziko wapi.

Na tangu siku hiyo, moyo ulioonjeshwa kiu ndogo huweza kuihimili kiu kubwa. Lakini nyinyi mkibanwa kifua, msijitie ushujaa. Ketini chini, muwaite watu. Nakijwa alikuwa na haraka siku ile, akasahau kumwapisha Damu kwamba hatachelewa kurudi, na hadi leo huweza kuchelewa kuliko moyo unavyoweza kungoja.