Siku ya Kimya na Siku za Soga

Paukwa!

Pakawa!

Mnajibu kama mliolala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, afadhali. Hapo zamani, zamani za kale kweli, palikuwa na kijiji katika nchi kavu, na chemchemi moja tu. Watu waliigombania na fisi mpaka wakachoka kuzikana. Wakapatana hivi: kila mwaka jua likianza kuchoma, mtu mmoja na fisi mmoja washindane mbio, kutoka mlimani alfajiri hadi chemchemini adhuhuri. Atakayetia mguu majini kwanza, ukoo wake unywe mwaka mzima. Wengine wakalambe umande.

Mwaka huo watu walimchagua Sikudhani, binti wa miguu mirefu na maneno machache. Na walikuwa na desturi yao: mkimbiaji halimi wala hapiki, kila siku nyumba moja humlisha. Lakini kwanza mwenye nyumba humpapasa mgongo. Mgongo ukilowa jasho, anakula. Ukiwa mkavu, anaondoka na njaa yake. Watu wakiwa na hofu hutaka waone jasho, wala hawaulizi limefanya kazi gani.

Basi Sikudhani akakimbia. Leo kwa nguvu zote, kesho kwa nguvu zote, keshokutwa kwa nguvu zote. Mwezi wa kwanza akala akashiba. Mwezi wa pili muundi ukaanza kuuma, usingizi ukampotea, na mlima aliokuwa akiupanda akiimba, akawa anaupanda akilia. Zikabaki siku thelathini.

Akaketi njiani, ameushika mguu. Kanga akapita anachakura. Mnamjua kanga: mabawa anayo, lakini kutwa anakimbia kwa miguu, na mdomo haufungi.

"We binti, unalilia nini njiani?"

"Nimechoka. Nikipumzika sili. Nikishindwa, kijiji kizima hakinywi."

"Jana ulikimbiaje?"

"Kwa nguvu zote."

"Na juzi?"

"Kwa nguvu zote."

"Na kabla ya juzi?"

"Kwa nguvu zote."

"Ehe! Na nguvu hizo unazitoa wapi, unazizaa? Nisikilize. Lala siku nne. Kisha siku moja ukimbie kimya, kwa nguvu zote, usiniite. Siku mbili zinazofuata ukimbie na mimi, tupige soga. Nikiuliza, unajibu. Ukishindwa kujibu, umezidisha."

Sikudhani akalala siku nne, akashindia mboga za porini. Ya tano akakimbia kimya. Ya sita wakatoka na kanga.

"Shangazi yako kaolewa tena?"

"Kaolewa."

"Na nani?"

"Na yule... yule wa..."

"Punguza!"

Akapunguza. Ikawa kero, maana miguu ilitaka kwenda na moyo ulimwambia mkimbiaji wa fisi anakimbia. Na kweli alikimbia. Kule ukingoni mwa bonde vumbi la fisi lilipanda kila asubuhi kama shamba linaungua.

Kijiji kikaona, kikatetemeka. "Fisi anatimua vumbi, na huyu wetu anapiga umbea na kuku wa porini!"

Jioni akaenda nyumba ya zamu. Mkono ukapita mgongoni. "Mkavu! Chakula hakuna."

Kesho yake akaenda nyumba ya pili. "Mkavu! Chakula hakuna. Unataka watoto wangu wafe kiu?"

"Sitaki, mama."

"Basi kimbia!"

Siku ya kimya akala, tena akala kama nzige. Ikaja tena siku ya soga, zamu ya Bi Semeni, mjane mwenye mdomo mchungu kuliko shubiri. Akampapasa mgongo. Mkavu. Akamshika kidevu, akamtazama.

"Wiki iliyopita macho yako yalikuwa mekundu kama ya mvuta bangi. Leo meupe. Unalala?"

"Nalala, bibi."

"Mguu?"

"Hauumi."

"Ingia ule. Na siku zako za uvivu njoo hapa hapa, wale wengine waache wapapase mbuzi. Lakini ukishindwa, Sikudhani, nitakuwa nimekulisha wewe nikawaua wajukuu wangu. Ulijue hilo unapotafuna."

Akalijua. Akatafuna polepole.

Siku ikafika. Fisi akachomoka mlimani kama aliyepigwa jiwe. Kilima cha kwanza, fisi mbele. Kilima cha pili, fisi mbele. Kilima cha tatu, fisi mbele, na kule chemchemini akina mama wameshajitwisha mitungi mitupu kuhama. Sikudhani akamtazama fisi vizuri. Mguu wa nyuma ulikuwa unagusa chini na kuruka, unagusa na kuruka. Akaujua uchungu ule. Akafunga mdomo, akakimbia kimya.

Walifika bondeni bega kwa bega. Sikudhani alitia mguu majini, fisi akaanguka hatua tatu nyuma yake.

Watu wakapiga vigelegele, mitungi ikashuka. Fisi amelala kwenye tope, ulimi nje.

"Ulifanyaje?" akauliza.

"Nilipumzika."

"Mimi niliumia tangu mwezi jana."

"Kwa nini hukupumzika?"

"Kwetu? Wangenila siku ya kwanza."

Sikudhani akainua macho. Ukingoni fisi walikuwa wameanza kuteremka, taratibu, wote wakimtazama yule aliyelala.

"Kunywa," akamwambia. "Kunywa upesi, kisha pita nyuma ya nyumba ya Bi Semeni, hawatathubutu."

Fisi akanywa. Akasimama kwa miguu mitatu. Akaondoka akichechemea, na kila hatua akigeuka kutazama nyuma.

Hadithi yangu imekomea hapo, kwenye tope. Nyanyukeni mkalale.