Kijiti cha Mwanamkasi

Jua likipinda, joto halijapinda. Mmenisikia nikimwambia hivyo fundi wa paa aliyekuwa na haraka ya kurudi juu, mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi, kwenye mabwawa ya chumvi ya Kidutani.

Mwanamkasi ndiye aliyeongoza zamu ya wakwanguaji chumvi. Hakuwa na saa. Alikuwa na kijiti alichokichomeka ukingoni mwa bwawa. Kivuli kikijikunyata chini ya kijiti, watu walipumzika. Kikianza kurefuka upande wa pili, alipiga debe nao wakarudi kazini, maana kila mtu aliamini jua lililopinda ni jua lililoshindwa.

Mwaka ule masika yalikuwa yananukia, na mvua moja tu ingeyeyusha kazi ya miezi mitatu. Wote walikuwa hoi. Mwanamkasi alikuwa hoi kuliko wote, maana anayewaamrisha waliochoka huchoka mara mbili. Mdogo wake, Tunu, alikuwa na mimba ya miezi sita. Siku hiyo debe lilipolia, Tunu hakuinuka.

"Dada, niache kidogo. Tope linachoma."

"Kivuli kimeshageuka, mdogo wangu. Kuanzia sasa ni kupoa tu."

Tunu akainuka, kwa kuwa hakuzoea kubishana na dada yake. Lakini ardhi ilikuwa imekunywa moto tangu asubuhi, na maji ya bwawa vilevile. Sasa ndipo vilipoutapika, huku jua nalo likiendelea kumimina. Kabla ya adhana ya alasiri Tunu alianguka kifudifudi kwenye chumvi. Wakambeba hadi kwao. Yeye alipona. Mimba ilitoka.

Mwanamkasi alikaa kizingitini, hana uso wa kuingia ndani. Mama yao akatoka kumwaga maji.

"Nilipima, mama. Wallahi jua lilikuwa limepinda."

"Jua lilipinda, mwanangu. Joto lilikuwa halijapinda."

Alisema bila hasira, na Mwanamkasi akaona heri angetukanwa.

Tangu siku ile, kila kivuli kilipogeuka, aliinama akaweka kiganja kwenye tope, akangoja lipoe. Wakwanguaji wageni walimwuliza mbona hapigi debe. Hakuwa na nguvu ya kuwaeleza habari za Tunu, kila mwaka, upya. Aliwajibu hayo tu: jua likipinda, joto halijapinda.