Mwiko Uliopanga Foleni

Sogeeni karibu. Mwenye kitu mdomoni ameze kabisa, maana mbele kuna swali.

Katika Chuo Kikuu cha Ndarambwe walikuwapo wanafunzi watatu. Nyamizi alijaliwa macho: akiingia ukumbini, anajua nani hajalala na nani hajaoga. Lusekelo alijaliwa mgongo: gunia la mchele kwake ni mto wa kulalia. Tunu alijaliwa mkono wa moto: kuni zilimtii kuliko wanafunzi wanavyowatii wahadhiri.

Mpishi wao alikuwa Mama Sikujua. Kila uchaguzi aliwapikia wapiga kura, na akija kuinua kichwa, kituo kimefungwa. Hajawahi kupiga kura maishani. Safari hii kadi aliifunga kwenye pindo la kanga, akaapa: leo na mimi!

Pale chuoni, ukiweka sahani kwenye foleni ya chakula, nafasi ni yako hata ukienda kusuka nywele. Basi Mama, kwa kuwa goti lilikuwa limevimba, akautuma mwiko wake mkubwa ukampangie foleni kituoni, juu kilimani. Wanafunzi wakawa wanausogeza kwa heshima zote.

"Shikamoo, mwiko. Pita mbele."

Nyamizi alikuwa pale akiwaonyesha watu vyumba vya kupigia kura. Wengine wakicheka, yeye akamwona msimamizi akitazama saa na kumwita askari.

"Saa kumi kamili simama nyuma ya mtu wa mwisho; atakayefika baada yako hapigi kura. Mtu, afande! Hilo lijiko litoe."

Nyamizi akapiga simu jikoni. "Mama, panda huku sasa hivi! Mwiko wako umefukuzwa!"

Mama Sikujua akatazama saa, akatazama sufuria. Wali ndio kwanza umekauka maji, makaa juu, makaa chini.

"Nikiuacha unaungua. Chuo kizima kitakula nini? Basi tena, mwanangu. Nimezoea."

Tunu akampokonya koleo. "Nenda, Mama! Ukiungua huu, nipike mimi."

Mama akatoka mbio. Hatua chache tu, goti likagoma. Lusekelo akaja na toroli la kuni.

"Panda."

"Mimi ni kuni?"

"Kuni hazibishi hivi! Panda, Mama!"

Akasukuma. Gurudumu likalia, kilima kikasimama wima kama ukuta. Mama akamwona askari anatembea kuelekea mkia wa foleni. Lusekelo akahema kama ng'ombe wa kulima, akatoa msukumo wa mwisho. Mama akaruka chini, akashika bega la kijana wa mwisho.

"Mtu huyu hapa!"

Askari akatazama saa. Akamtazama Mama. Akasimama nyuma yake.

Alimpigia nani? Hayo ni yake na lile boksi.

Aliporudi jikoni, wali ulikuwa umeiva na ukoko umetoka mzima, rangi ya dhahabu. Jikoni kwake, ukoko mzima hauvunjwi. Hupewa mtu mmoja aliyemfaa mpishi siku hiyo.

"Nisingeona mimi, mngekuwa mnapepea makaa mpaka sasa," alisema Nyamizi.

"Ulimpandisha kilima kwa macho?" akauliza Lusekelo.

Tunu akaguna. "Na nisingebaki mimi, angetoka hata mlangoni?"

Mama Sikujua akashika sinia, kidole chake kikiwa na wino mbichi.

"Kule nimechagua mmoja wala sikutoka jasho hivi," akasema. "Nisaidieni, jamani!"

Haya, ukoko unapoa. Wewe hapo, sinia lingekuwa mkononi mwako, ungempa nani?